Kitabu Huchaguliwa Baada ya Kusomwa

Tukiuliza kwa nini mtu huchagua riwaya hii akaiacha ile, kwa kawaida tunamwona msomaji aliyesimama mbele ya rafu ndefu. Tunduma rafu hiyo ni adimu. Katika mji huu wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde na kuendelea hadi Kongo, biashara ni nafaka, vitenge, vipuri na simu. Riwaya hufika kwa njia za pembeni. Huja ndani ya begi la mwanafunzi aliyerudi likizo, au kwa dereva aliyeiokota kwa muuza vitabu wa barabarani Dar es Salaam. Siku hizi huja pia kwenye simu, sehemu kwa sehemu, mwandishi akiikata pale panaponoga na kuahidi kwamba itaendelea. Mtu husoma kilichomfikia. Je, msomaji wa namna hii anachagua?

Naamini anachagua, ila wakati wake wa kuchagua si ule tunaoutazamia.

Mwanafalsafa Mskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alisema kwamba mwandishi tunampenda kama tunavyompenda rafiki, kwa kuwa tabia yake inalandana na yetu. Ndiyo maana, kwa maoni yake, kijana wa miaka 20 huweza kumpenda Ovid, akifika 40 akahamia kwa Horace, na akifika 50 pengine kwa Tacitus. Hoja hii ina ukweli wake, lakini inamchukulia msomaji kuwa anajijua kabla hajafungua ukurasa. Mimi naona sehemu kubwa ya utamu wa hadithi ni kumgundua ndani yetu mtu ambaye hatujawahi kukutana naye. Mtu huyo hakuwapo wakati kitabu kinachukuliwa. Angekichaguaje?

Chukua Takadini ya Ben Hanson, ambayo kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari nchini wameisoma kwa kuwa imekuwa kwenye orodha ya mtihani. Hakuna mwanafunzi wa miji ya jirani ya Vwawa au Mlowo aliyeulizwa kama anaitaka. Anakutana na Sekai, mwanamke aliyeishi miaka mingi bila mtoto, kisha akajaliwa mwana mwenye ualbino ambaye mila haitaki aishi. Sekai anambeba mwanawe na kutoroka. Hadithi inatokea Zimbabwe ya kale, lakini msomaji wetu anaisoma katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, na huenda amekua akiyasikia maneno ya kuwadharau yakisemwa kama mazungumzo ya kawaida tu. Anapoomba moyoni Sekai asikamatwe, anataka kitu ambacho jana hakujua kuwa anakitaka. Hapo furaha na uchungu havitengani, na kusema kwamba kitabu kimemburudisha ni kusema kidogo mno. Kimemhamisha upande.

Mwenzake wa dawati lilelile huweza kubaki na wahusika, dhamira na ujumbe, akavisahau mtihani ukiisha. Wote wawili walipewa kitabu kimoja kwa amri moja. Yule atakayekirudia bila kuulizwa na mwalimu, au atakayemwazima mdogo wake na kumsisitizia akimalize, ndiye aliyekichagua.

Hata amri ya kukataza haimalizi jambo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye ikawa kitabu cha kiada. Hadithi ni ileile, ila kizazi kimoja kiliifungua kwa kuiba na kingine kwa kutumwa. Nina hakika wako walioisoma kwa kuiba wakaiona ya kawaida, na wako waliotumwa wakalia.

Kuna ladha nyingine ambayo wakosoaji wetu huipita haraka, wakiiita fasihi pendwa na kuishia hapo. Katika riwaya za Elvis Musiba, jasusi wa Tanzania Willy Gamba anapambana na mawakala wa utawala wa Makaburu. Msomaji wa Tunduma wa wakati ule alikuwa na reli ya TAZARA mjini kwake, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa 1976, ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa wabaguzi. Kwake Willy Gamba alikuwa jirani. Vita ile dhidi ya Makaburu imekwisha, na bado wako vijana wanaokesha na vitabu hivyo. Wanachokipata, nadhani, ni wakati wenye mwelekeo. Anayengoja mpakani ana saa nyingi ambazo tukio moja halizai jingine, na karatasi inaweza kukwama bila sababu anayoijua. Ndani ya riwaya ya kijasusi kila mlango unaofunguliwa una maana yake. Kiu ya kuona mambo yakiwa na sababu ni ya heshima, na simwelewi anayeidharau.

Lakini kama kuchagua hutokea baada ya kusoma, basi uhaba una madhara makubwa kuliko tunavyokubali. Aliyekutana na riwaya tano amejipima mara tano tu. Kijana wa wilaya za Ileje au Momba asiyewahi kushika hadithi nyingine zaidi ya zile za mtihani anaposema kwamba yeye hapendi riwaya, tunamwamini, tunaandika kwamba Watanzania hawapendi kusoma, na mchapishaji anaamua kwamba kupeleka vitabu huko ni hasara. Kumbe kijana huyo hajatoa hukumu yoyote. Hajakutana bado na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, wala Kichwamaji ya Kezilahabi, wala Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, na hatuwezi kujua angekuwa nani baada ya kuvisoma. Barabara inayopita Tunduma hubeba shaba, mafuta na mahindi usiku na mchana. Katoni moja ya riwaya ingepata nafasi.