Askofu ni Bwana au ni Mtumishi?



Kila tupatapo habari kwamba Askofu anakuja kutoa Kipaimara, mtaa mzima huchangamka. Njia hufyekwa, kanisa hupakwa chokaa, na michango hupitishwa nyumba kwa nyumba. Hayo ni mema. Lakini tuna jambo la kuungama. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukifundisha mahali pengine, tuliwekwa katika kamati ya mapokezi, tukapokea kuku wa mwisho wa mama mjane. Askofu alikula kidogo tu, kisha akauliza, "Wagonjwa wako wapi, nikawaone?" Tukatazamana. Hilo hatukulipanga.

Basi askofu ni nani? Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mwangalizi. Mwangalizi si mwenye shamba. Amewekewa mikono ili ailinde imani, awatie daraja mashemasi na makasisi, awaimarishe waliobatizwa, na atuunganishe na Wakristo wa kwingine. Heshima tumpayo ni ya kazi hiyo.

Tunayo mifano. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliandika kijitabu kuipinga serikali ya Waingereza wenzake kwa kuwalazimisha Waafrika kazi. Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi tangu 1960, aliondoka mwaka 1968 ili kiti kikaliwe na mwana wa nchi, naye Hilary Chisonga akakikalia. Mmoja alikitumia kiti chake kuwatetea wanyonge, mwingine alikiachia. Wote wawili walijua kwamba kiti si mali yao.

Pengine mtu atasema, "Askofu asipotukuzwa, nani atamsikiliza?" Twajibu: hao wawili wanakumbukwa hata leo, wala si kwa sababu ya karamu walizoandaliwa.

Hata hivyo, kosa la siku ile halikuwa la Askofu, lilikuwa letu. Mwangalizi hawezi kuangalia yale tunayomficha nyuma ya chokaa na pilau.

Kwa hiyo akija tena, tumpokee kwa nyimbo na vigelegele. Ila orodha ya kwanza iwe ya wagonjwa, wajane na waliokata tamaa ya kuja kanisani. Ya kuku ifuate. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama yule hakupona siku ile, alipungukiwa. Mungu atusamehe, na atufundishe.