Nyumba Iliyobomoka Mara Nne

Mtu asafiriye kutoka Roma kwenda Napoli huiona abasia ya Monte Cassino kutoka mbali, imekaa kileleni mwa mlima mfano wa boma. Hapo ndipo Mtakatifu Benedikto alipojenga nyumba ya watawa wake karibu na mwaka 529, na hapo ndipo alipoandika Kanuni yake. Wageni wengi hupanda ili waione nyumba ya kale. Lakini je, kilicho cha kale hapo ni kipi?

Tukizitazama kuta, jibu latushangaza. Walombardi waliiharibu nyumba ile katika karne ya 6. Wasaraseni waliichoma moto mwaka 883. Tetemeko la ardhi liliiangusha mwaka 1349. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Kimarekani ziliipiga mabomu, kwa kuwa wakuu wa vita walidhani ya kuwa askari wa Kijerumani wamo ndani. Hawakuwamo. Waliokufa humo ni wakimbizi waliotafuta hifadhi. Kuta azionazo mgeni leo zilijengwa upya baada ya vita kwa kufuata mfano wa zile zilizoanguka, na Papa Paulo VI akaliweka wakfu kanisa mwaka 1964.

Basi wako watakaosema: "Kumbe nyumba hii ni mpya!" Naam, mawe ni mapya. Lakini zaburi za alfajiri, kazi ya mikono, na mgeni kupokewa kama Kristo mwenyewe, hayo hayakai ukutani. Yalikimbilia Roma pamoja na watawa, na baada ya miaka zaidi ya 100 yakarudi mlimani. Yamevuka hata bahari: huko Peramiho na Ndanda hufuatwa Kanuni ile ile.

Neno hili latuhusu sote. Ukuta ukianguka, fedha na mafundi huweza kuusimamisha tena. Desturi ya sala ikikatika, hakuna fundi awezaye kuijenga; sharti aliye hai aipokee kwa aliye hai. Parokia yaweza kuwa na kanisa la mawe lenye mnara mrefu, na jioni nyumba za waamini zikawa kimya. Mzazi apigaye magoti usiku pamoja na wanawe katika nyumba ya udongo hulinda jambo la kale kuliko kuta zote za Monte Cassino.

Mgeni na apande mlima, atazame, astaajabu. Na arudipo kwake ajiulize: ni nani nyumbani mwangu atakayesali nitakapokuwa sipo?