Usikivu Kati ya Madirisha
Katika saiba za Nyakoe, kaunti ya Kisii, hasa Juni 30 inapokaribia na marejesho ya kodi kudaiwa, mhudumu hufungua kwa pamoja tovuti ya kodi, ile ya huduma za serikali iitwayo eCitizen na barua pepe ya mteja, kila moja katika dirisha lake. Njia ya mkato, yaani alama ndogo iwekwayo kwenye eneokazi la kompyuta ili ikibofywa ilete programu inayohitajika, pamoja na vitufe vya Alt na Tab vikibonyezwa kwa pamoja, humwezesha kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine bila kutafuta. Lakini je, nafsi nayo huhama kwa wepesi huo? Mwanateolojia Augustino wa Hippo, katika kitabu chake Maungamo, aliiona nafsi kuwa imetandazwa kati ya kumbukumbu, usikivu na matarajio. Kwa msingi huo dirisha lililofichwa halijaondoka, kwani kumbukumbu ingali inalibeba. Hoja hii ina uzito wa kimaadili, maana mzee aliyeketi kando, akiwa ameshika kitambulisho chake mkononi, anastahili usikivu mzima, na njia ya mkato ni njema pale tu inapompatia mhudumu nafasi ya kumsikiliza. Mashine yenyewe haingoji: ukurasa wa kodi ukiachwa kitambo bila kuguswa hujifunga, na nywila huombwa upya.