Uzito wa Tusiyemjua

Fundi alikwisha kuvua kitambaa na sponji. Kilichobaki juu ya gunia lililolowa mafuta ni mifupa ya siti ya mbele ya gari dogo la Kijapani: mbavu mbili za bati lililokunjwa kingo, bomba jembamba la kuchomekea mto wa kichwa, waya za kubebea mgongo, na reli mbili. Hapo ni Gerezani, Dar es Salaam, ambako ukitaka kusikilizana na mtu sharti usubiri grenda ipumue. Nikauinua mgongo wa siti kwa mkono mmoja. Fundi akaugonga kwa spana, ukalia kama debe.

"Unaona, kaka? Bati tu hili. Ya kwangu mimi huinui hivyo."

Alisema kwa fahari, na lugha yetu iko upande wake. Neno lenye maana kwetu ni zito. Mwenye cheo na fedha ni mtu mzito. Mwepesi ni wa hasira, wa kuropoka, wa kuyumbishwa. Lakini mtu akilazwa, tunamwombea nini? Wepesi. Mja mzito anapokwenda kujifungua, tunamwomba Mungu amfanyie wepesi. Kiswahili chenyewe hakijaamua, sembuse mimi niliyesimama pale na mgongo wa siti mkononi.

Kule siti zinakobuniwa, uamuzi ulikwisha kupita: kila gramu inayobebwa ni mafuta yanayoungua, kwa hiyo ijieleze au itoke. Mwaka 1989 Mercedes-Benz walitoa gari lao la SL likiwa na fremu za siti za magnesiamu ya kumimina. Gari lile ni la wazi, halina nguzo ya juu ya kufungia mkanda, kwa hiyo mkanda ulifungwa kwenye siti yenyewe. Siku ya ajali mwili mzima wa dereva unaning'inia kwenye siti hiyo. Jukumu zito kuliko yote wakalikabidhi kwa metali nyepesi kuliko zote zilizokuwa mezani.

Na kwa kweli metali hizi hazizidiani kama tunavyodhani. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini na zaidi ya mara nne ya magnesiamu, lakini ukakamavu wake nao ni mara tatu, na mara nne na ushee. Kilo kwa kilo, wako sare. Tofauti inaletwa na umbo. Bati likinenepa mara mbili, ubishi wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara nane. Metali nyepesi inaweza kunenepa hivyo bila kuongeza mzigo kwenye gari. Anayebaki na chuma hupita njia nyingine: hutumia bati la chuma kikali, lisilofika milimita moja, likunjwe kingo, liinuliwe matuta, litobolewe pasipo na kazi.

Litobolewe pasipo na kazi. Hapo ndipo ninapokwama kila nikiyawaza haya. Ni nani aliyejua kwamba pale hapana kazi? Kila tobo kwenye bati lile ni dai la mtu kwamba anaijua ajali kabla haijatokea, na anamjua atakayekaa. Rafiki yangu wa Gerezani hatoboi. Hununua bomba la mraba la inchi moja, geji 16, anachomelea, kisha anaongeza kipande kingine pale moyo unapomsuta. Anachokiongeza ni hesabu ya asiyoyajua: barabara, dereva, gunia la viazi, konda anayening'inia kwenye mgongo wa siti kutoka Mbagala hadi mjini. Simsifu kupita kiasi. Siti nzito iliyofungwa kwa boliti mbili kwenye sakafu ya bati jembamba hung'oka na uzito wake wote, na hapo inageuka kuwa nyundo.

Mwaka 2018 General Motors na Autodesk walionyesha bano la siti lililobuniwa kwa msaada wa kompyuta. Kompyuta ilipewa mizigo na mahali pa kufungia boliti, ikaachiwa itafute ni wapi chuma hakihitajiki. Ikaleta maumbo zaidi ya 150. Lililochaguliwa liliunganisha vipande 8 kuwa kimoja, chepesi zaidi kwa asilimia 40 na imara zaidi kwa asilimia 20. Ukilitazama utadhani ni nyonga ya kuku iliyobaki kwenye sahani. Lakini kompyuta inajua mzigo ule tu ilioambiwa.

Na mara nyingi imeambiwa mzigo wa mwanamume. Kwa miongo mingi mwanasesere mkuu wa majaribio ya ajali amekuwa na umbo la mwanamume wa wastani, kilo 78 hivi. Gari likigongwa kwa nyuma, mgongo wa siti mzuri haupaswi kukaza tu. Unatakiwa urudi kidogo na aliyekaa, umeze kishindo, jambo ambalo Volvo walilitengenezea utaratibu maalumu mwaka 1998. Sasa weka hapo mtu wa kilo 55. Anausukuma mgongo wa siti kwa nguvu ndogo kuliko ile iliyokadiriwa, nao usipolegea unamrudisha mbele mapema, shingo ikiwa bado nyuma. Mwaka 2022 Astrid Linder na wenzake wa taasisi ya VTI nchini Uswidi walionyesha mwanasesere wa kipimo cha mwanamke wa wastani kwa ajali za namna hiyo: sentimita 162, kilo 62. Magari yalikuwa yamekwisha kupita miaka mia moja barabarani.

Sheria nazo zina mtu wao. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 17 inautaka mgongo wa siti uhimili nguvu sawa na kumning'iniza mtu wa kilo 54 kwenye ncha ya mkono wa mita moja. Ile ya Marekani, nambari 207, inaridhika na kilo 38. Kanuni hiyohiyo ya Marekani inaitaka siti istahimili kuvutwa kwa mara 20 ya uzito wake yenyewe, maana yake siti ikikonda, na mtihani wake unakonda. Nilicheka nilipoielewa, halafu nikaacha kucheka.

Nilirudi Gerezani wiki iliyofuata kuchukua siti zangu. Fundi alikuwa ameinamia fremu ya benchi la nyuma la daladala, kioo cha kuchomelea usoni. Nikangoja hadi cheche zikatulia.

"Hii ya watu wangapi?"

"Watatu."

Lakini chini yake, katikati ya miguu minne niliyoitegemea, alikuwa amechomelea wa tano, bado mwekundu kwenye kiungo.

"Na huu?"

Akavua kioo, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Wa yule wa nne, kaka."