Robo Ekari kwa Bakuli la Uji

Mwambie mzee wa Maua aachie shamba lake la miraa, abaki na robo ekari tu, ndipo apewe uji. Atakuuliza umetumwa na nani. Lakini ndivyo ilivyokuwa sheria Ireland mwaka 1847, njaa ya viazi ikiwa imepamba moto: mwenye zaidi ya robo ekari hapati msaada wa umma mpaka aiachie ardhi hiyo.

Wengi waliishia katika nyumba za maskini. Kwa mpango wa mwaka 1838 zilijengwa 130. Langoni familia iligawanywa: mume huku, mke kule, wavulana na wasichana kila kundi na ua wake. Walivuliwa nguo zao wakavishwa sare, wanaume wakapangiwa kuponda mawe. Taabu hiyo ilikusudiwa, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Aibu ndiyo iliyokuwa bawabu.

Huku Igembe uzito wa ardhi tunaujua. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, soko liliyumba na karo ikawa shida. Miti hata hivyo ilibaki imesimama, mingine ikiwa mbaine, ile mikongwe tuliyorithi kwa mababu. Mkulima alikuwa na cha kungojea. Sheria ile ya Ireland ilimlisha mtu leo kwa kumnyang'anya chakula cha mwakani, na kwangu huo ni ukatili mkubwa kuliko kuponda mawe.

Tusijisifu upesi, lakini. Kenya nayo ilikuwa na Sheria ya Uzururaji hadi ilipofutwa mwaka 1997. Kukosa kazi na makao kulitosha kumtia mtu mbaroni. Na siku hizi, ukame ukibana nyanda za chini, mama hupewa pakiti ya unga kisha akaambiwa aiinue juu, apigwe picha na mheshimiwa. Ukuta hauonekani, ila bawabu ni yule yule.

Zanzibar walijaribu njia nyingine. Aprili 2016 serikali ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, awe tajiri au fukara. Wapo wanaonung'unika: mwenye ghorofa apewe ya nini? Mimi naona ana kazi kubwa pale kwenye foleni. Akisimama mbele ya mjane asiye na kitu, mpita njia hawezi kusema ni nani kati yao aliyeletwa na shida.