Mwanga ni wa Wote, Kaa ni la Mwenyewe

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo ambayo watu wa zama hizi huyapitia kwa wepesi, wala hawayatii katika mizani ya sheria, ni hili la kunakili kazi za watu. Mtu huenda kibandani, akatoa kadi ya simu yake au flashi, akajaziwa nyimbo mia, au sinema, au programu ya kompyuta iliyovunjwa kufuli yake. Akalipa shilingi chache, akaenda zake. Aliyetunga, na aliyeimba, na aliyekesha akiiandika programu ile, hapati hata senti. Na ukimwuliza mtu huyo: Je, hukuchukua mali ya mwenzio? atacheka, akujibu: "Mwenyewe bado anayo. Nimempunguzia nini?" Jawabu hili lasikika barazani na sokoni, na hata nje ya msikiti baada ya sala. Nasi twataka kulipima, kwani si jawabu la kipumbavu.

Tutatwaa mfano wetu katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mji wa wanafunzi: huko kuna Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Waislamu kilichofunguliwa mwaka 2005, na penye wanafunzi pana kompyuta, na penye kompyuta swali hili lapiga hodi kila siku. Ya pili, ni mji ulioimba. Bendi ya Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Na Salum Abdallah alianzisha bendi yake mwaka 1948, ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba, akaiongoza mpaka alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Katika miaka hiyo ya 1960 Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz, akatoka mwaka 1973 kwenda kuunda Super Volcano, naye akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi wa Januari 1979. Sauti za watu hawa zilitoka katika santuri zikaingia katika kanda, kutoka kanda zikaingia katika kompyuta, na leo zimo katika simu za watu waliozaliwa baada ya wao kuzikwa. Basi ni nani mwenye haki katika sauti ile?

Tuanze kwa hoja yenye nguvu ya wanaonakili, maana si insafu kumpiga mtu kabla hajasema. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Nanyi tazameni huo moto. Jirani akija na taa yake akawasha kwako, moto wako haukupungua hata chembe. Na kumnyima ni ubakhili usio na faida. Atasema mwenye kunakili: "Wimbo ni kama moto, na programu ni kama moto. Nimewasha taa yangu, na taa ya mwenyewe ingali yawaka." Wallahi, hoja hii ni nzuri.

Lakini wanavyuoni hawakuliacha jambo hilo bila ya kulipambanua. Katika maji walisema: yaliyo mtoni ni ya watu wote, bali aliyeyateka akayatia chomboni mwake, hayo ni milki yake, aweza kuyauza. Mto Ruvu watoka katika milima ya Uluguru, ukashuka mpaka ukawapa maji watu wa Dar es Salaam, wala hapana mtu awezaye kusema mto huo ni wangu. Lakini mama aliyejitwika ndoo akapanda nayo mlima, huwezi kunywa maji yake kwa nguvu ukasema maji ni ya Mungu. Na katika moto, wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walisema: una haki ya kuota, na kuangaziwa, na kuwasha taa yako kwa moto wa mwenzio, ama kaa lenyewe, huna haki ya kulitwaa ila kwa idhini, kwani kaa ni kuni zake. Basi mwanga ni wa wote, na kaa ni la mwenyewe.

Tukiliweka neno hili juu ya mfano wetu, litatuonyesha njia. Salum Abdallah na wenziwe walizisikiliza santuri za Kyuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930, wakapenda mapigo yake, wakatia maneno ya Kiswahili na mambo ya kwao, pakazaliwa kitu kipya. Huko ni kuwasha taa. Na lau kungekuwa haramu, pasingekuwa na mwanafunzi wala fundi duniani, kwani kila fundi amejifunza kwa kutazama mkono wa mwenziwe. Lakini mtu anayeitwaa kazi nzima kama ilivyo, asitie herufi moja yake, akaiuza kibandani asubuhi hata jioni, huyu hakuwasha taa. Amebeba jiko.

Hapa atasimama mwenye hoja aseme: "Nakala si kaa. Kaa likitwaliwa, jiko lapungua. Wimbo ukinakiliwa, haukupungua." Neno hili lina kweli ndani yake, na kwa hiyo hatusemi kunakili ni wizi wenye hadi ya kukatwa mkono, kwani hadi ina masharti yake. Lakini dhulma si wizi peke yake. Mtu akijengewa ukuta na fundi, kisha asimlipe, ukuta haukuibwa wala tofali halikupungua, na juu ya hayo amekula jasho la fundi. Atasema: "Mimi sikumwajiri mwimbaji." Ni kweli, ila mwimbaji ameileta kazi yake sokoni kwa sharti ya bei, nawe umeitaka kazi ukaikataa sharti. Kinachopungua si wimbo. Kinachopungua ni kuni. Watu ishirini wakiota moto wa mtu mmoja, wala hapana aletaye ukuni, moto utazimika kabla ya alfajiri, na wote watalala katika baridi wakimlaumu mwenye jiko.

Na haya si maoni yetu peke yetu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utungaji, na uvumbuzi, na majina ya biashara, ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na sheria yazilinda wala haifai kuzivamia. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, na kwayo haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Miaka 50 ya Salum Abdallah ilitimia mwaka 2015. Ya Mbaraka haitimii mpaka mwaka 2029. Zingatieni maana yake, ndugu zangu: mtunzi akifa, haki yake huwa mirathi. Yule anayesema "mwenyewe amekwisha kufa" amejitia katika jambo zito zaidi, kwani mali ya maiti ina warithi, na pengine katika warithi mna yatima.

Wako watakaosema: "Muziki wenyewe una ikhtilafu, na wengine wameuharimisha, basi mpiga muziki ana haki gani?" Twawajibu: Kama waitakidi ni haramu, usiusikilize. Ama kuusikiliza usiku kucha, kisha kuikumbuka haramu ikifika zamu ya kulipa, huko si uchaji Mungu. Ni kuifanya dini pazia la tamaa. Na jambo hili si la muziki tu. Kaswida zina watungaji, programu za hesabu za duka zina waandishi, na vitabu vya dini vina wapiga chapa waliogharimika wino na karatasi.

Na wako watakaosema: "Kampuni ni dhalimu, na bei zake hazishikiki." Huenda ikawa kweli. Wapiga muziki wengi wa zama za santuri walilipwa mara moja siku ya kurekodi, kisha faida ikaenda kwa wengine. Lakini dhulma ya wa kwanza haimhalalishii wa pili. Mwimbaji aliyepunjwa na tajiri, kisha akapunjwa na msikilizaji, amepigwa mara mbili. Wala la pili halikuwa dawa ya la kwanza.

Na Mwenyezi Mungu hakuziba mlango ila amefungua mwingine. Wako waandishi wa programu walioziacha kazi zao kwa idhini ya wazi: chukua, tumia, nakili, mpe mwenzio. Linux, iliyoanza mwaka 1991, ni katika hizo. Na mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa lugha yetu ya Kiswahili. Kazi hizo zashabihi wakfu: mwenyewe ameweka kisima njiani kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya watu. Basi fakiri ana nini cha kumpeleka kuvunja kufuli, hali kisima ki wazi?

Nasaha yetu ni hii. Anayeuza nakala za watu bila ya idhini na aiache biashara hiyo, atafute iliyo safi. Mwenye uwezo na anunue, hata ikiwa ni kidogo, ili awe ameleta ukuni. Asiye na uwezo na atafute kilichoruhusiwa, au aombe idhini. Na mwenye dharura ya kweli na amwulize shekhe wake, akikumbuka kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Na aliyekwisha chukua, toba yake ni kurudisha haki kwa mwenyewe kila awezapo. Na asipomjua, wanavyuoni wamesema atoe sadaka kwa niaba yake.

Siku ya Kiyama mtu hataulizwa: Je, kitu kilipungua? Ataulizwa alikitoa wapi. Ee Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu yako, wala usitufanye sisi kuwa wenye kuota moto wa watu na kuwaacha wenyewe katika baridi. Amin.

Wallahu aalam.