Mko Salama Huko?

Dada yangu wa Dar es Salaam hutupigia simu huku Kaagya, kijijini Bukoba, kwa kufuata majanga. Alipiga Septemba 2016, tetemeko lilipoangusha nyumba Bukoba. Akapiga Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani na kuua watu 19 kati ya 43. Akapiga tena Machi 2023, safari hii kwa ajili ya ugonjwa wa Marburg. Swali ni lile lile: “Mko salama huko?” Simlaumu. Kule aliko, Bukoba husikika mtangazaji anapobadili sauti.

Siku ile ya ndege simu ilimkuta mama akimenya ndizi, utomvu umemganda vidoleni, ikabidi nimshikie sikioni. Aliwasikitikia marehemu, akanyamaza, kisha akamuuliza dada kama amepata wa kumpelekea senene, maana huku walikuwa wameanza kuanguka.

Mama hafundishwi vita na redio. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa, waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera walilala sebuleni kwa babu, wengine bila hata shuka. Leo malori yanapita Kyaka usiku na mchana kwenda Mutukula na kuingia Uganda. Sijamwona mhariri aliyetuma mwandishi kuripoti kwamba lori la mchele limevuka, dereva akagongewa muhuri, akala chapati.

Utulivu wa aina hii una mtetezi: mwaka 2011 mwanasaikolojia Steven Pinker aliandika kitabu kinene kudai kwamba ukatili umepungua duniani kwa karne nyingi. Namkubali nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walihesabu migogoro 61 ya kivita inayohusisha serikali mwaka 2024, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 1946. Na mji wa Goma, huko Kongo, ulipotekwa Januari 2025, hesabu ya karne haikumfaa kitu mwenye duka wa pale.

Kwa hiyo redio haikudanganya kuhusu Goma. Ila siku ambayo watu wa Kaagya wamepalilia migomba, wamezika mzee aliyeshiba umri, wamegombania mpaka wa kibanja na kuamuliwa kabla ya jua kuzama, siku hiyo redio haitujui.

Juzi nikampigia dada mimi. Alipokea kwenye mlio wa kwanza, pumzi juu: “Nani amefariki?” Nilitumia dakika nzima kumwaminisha kwamba ni habari ya senene tu.